Kumtoa mtoto wa mgomba kwa mama yake: mwongozo wa anayeanza kupanda ndizi Goma

Msimu wangu wa kwanza nilipanda watoto sita wa mgomba kwenye parsele, yaani kiwanja chetu cha nyumba, huko Ndosho mjini Goma. Niliwachagua mwenyewe, shambani kwa rafiki karibu na Sake, na nilichagua wale walionivutia macho: warefu hadi kifuani, majani mapana, kijani kinachong'aa. Nikawafunga kwa magome makavu, nikawapakia kwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma, nikarudi mjini nikijiona mkulima. Mama mmoja jirani, mzaliwa wa Masisi aliyekulia katikati ya migomba, alisimama kwenye geti akautazama mzigo ukishushwa. "Papa," akasema, "ile ya majani kubwa inakudanganyaka. Haina kichwa chini."

Nilicheka kidogo kwa adabu, nikapanda. Kabla mwaka haujaisha wanne walikuwa wameoza na wawili wamesimama vilevile kama vijiti vya uzio. Siku niliyowang'oa ndipo nilipoelewa "kichwa chini" ni nini. Ni tunguu, lile bonge lililo ardhini ambalo ndilo shina halisi la mgomba. Hilo tunaloliita shina juu ya ardhi ni majani tu yaliyokumbatiana. Watoto wangu walikuwa na majani mengi na tunguu dogo kama ngumi ya mtoto.

Kumkata mtoto kwa mama yake ni kazi ya nusu saa. Kinachoamua kama utakula ndizi ni macho yako kabla hujashika jembe, na macho hayo yaanze kwa mama, ndipo yashuke kwa mtoto.

Wakati wa kupanda

Goma mvua hurudi mwezi wa tisa. Hunyesha hadi mwisho wa mwaka, hupungua kidogo mwezi wa kwanza na wa pili, hurudi kwa nguvu mwezi wa tatu hadi wa tano, halafu kiangazi kinashika mwezi wa sita, wa saba na wa nane. Panda mvua za kwanza zikishalowesha ardhi vizuri, yaani kati ya katikati ya mwezi wa tisa na mwezi wa kumi na moja. Nafasi ya pili ni mwezi wa tatu. Ukipanda mwezi wa tano mtoto ataingia kiangazi bila mizizi, na wewe utaingia kiangazi na bidoni ya maji kichwani.

Kwa sisi wa hapa jambo hili ni zito kuliko kwa mtu wa Rutshuru. Ardhi ya lava haishiki maji. Mvua ya usiku mzima hupita katikati ya mawe, na jua la siku tatu linatosha kukausha kilichobaki.

Mwangalie mama kwanza

Nenda shambani mchana, kukiwa na mwanga, na usiende na jembe safari ya kwanza. Zunguka shamba lote, usiishie kwenye mgomba ulioahidiwa.

Unachotafuta kwanza ni mnyauko wa migomba, ule ambao wanaosema Kinyarwanda huuita kirabiranya. Unaletwa na bakteria. Ulijulikana kwanza Ethiopia miaka ya 1960, kwenye mmea wa enset ambao ni ndugu wa mgomba. Hapa kwetu Congo ulionekana kwa mara ya kwanza Masisi, mwaka 2001, mwaka uleule ulioonekana Uganda. Kwa hiyo anayetafuta watoto wa kupanda Goma yuko jirani kabisa na mahali ulipoingilia nchini.

Dalili zake si ngumu kujifunza. Majani hugeuka njano na kulegea kama yaliyopitiwa na moto, yakavunjikia shingoni na kuning'inia hata wakati wa mvua. Ndizi huiva kabla ya siku zake na bila mpangilio, mbili za njano katikati ya mkungu mbichi. Ukiikata ndizi ya namna hiyo utakuta ndani rangi ya kutu. Ule moyo mwekundu unaoning'inia chini ya mkungu hunyauka na kukauka. Na ukikata shina la mgomba mgonjwa, ukasubiri dakika chache, hutoka utomvu wa njano-njano, mzito kama usaha. Utomvu wa kawaida wa mgomba mzima ni mwepesi, karibu na maji.

Ukiona hayo kwenye shina moja tu la shamba hilo, shukuru, aga, ondoka bila mtoto. Najua inauma kukataa zawadi, tena mwenye shamba akiwa shemeji au jirani. Ila mtoto anaweza kubeba ugonjwa huu ndani kwa miezi akiwa anapendeza kabisa kwa nje. Hakuna dawa ya kunyunyiza wala ya kuchovya itakayomtibu. Na ukimleta parseleni kwako hutaumia peke yako: wadudu wanaotembelea maua na mapanga ya kuazimana yatausambaza mtaa mzima.

Ugonjwa wa pili wa kuangalia ni ule wa majani kusongamana juu. Mgomba unadumaa, majani mapya yanatoka membamba, mafupi, yamesimama wima kama fungu la maua. Unaletwa na virusi vinavyobebwa na vidukari. Uko bonde la Ruzizi, kwa hiyo mtu akikuletea watoto kutoka upande wa Uvira, hata kama ni kaka yako, uliza shamba lao linaonekanaje.

Shamba likiwa safi, sasa angalia mama mmoja mmoja. Mwulize mwenyewe: huyu alizaa mkungu wa vitaga, yaani vichana, vingapi? Alianguka kwa upepo? Ndizi zake umezila? Mtoto wa mgomba hatoki kwenye mbegu, ni kipande cha mama yuleyule. Mama akizaa mkungu wa vitaga vitatu vyembamba kwenye udongo mzuri, mtoto wake hatakushangaza.

Kuhusu aina, nitasema kwa kifupi. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya bahari, na baridi ya usiku inachelewesha kila mgomba. Makemba, zile ndizi ndefu za kupika, hupenda joto la maeneo ya chini kuliko Goma, na hapa yatakuchosha kwa kusubiri. Poyo na kamaramasenge, ndizi za kula mbivu, zinakubali, ndizi za kupika za milimani zinakubali, na zile za kasiksi, pombe ya ndizi, ndizo ngumu kuua. Ukibahatika kupata Yangambi Km5, ipande. Inaitwa kwa jina la kituo cha utafiti cha Yangambi, karibu na Kisangani, na inavumilia vizuri madoa meusi ya majani pamoja na fukusi, yule mdudu nitakayemfikia baadaye.

Mtoto yupi

Chini ya mama mmoja utakuta watoto wa namna tatu.

Kuna kichomozi, ncha tu iliyotokeza ardhini kama pembe ya mbuzi. Mwache, bado mdogo.

Kuna mtoto wa majani mapana, yule aliyenidanganya. Ana jani kama la mgomba mkubwa ingawa ni mdogo, na ukimtazama chini shina lake ni sawasawa kutoka juu hadi ardhini, halinenepi. Mara nyingi anatoka juujuu, au kwenye tunguu la mama aliyekwisha kuvunwa. Mama hakumnyonyesha, kwa hiyo alilazimika kufungua majani mapema ajitafutie chakula kwa jua. Ndiyo maana anapendeza na ndiyo maana ni dhaifu. Si lazima afe, lakini atachelewa na mkungu wake wa kwanza utakuwa mdogo.

Na kuna mtoto wa upanga. Majani yake ni membamba, yamesimama, yanachoma juu kama panga lililotolewa kwenye ala. Shina lake ni nene chini na linachongoka kuelekea juu, kama karoti iliyogeuzwa. Huyu bado ananyonya, ameshikana na mama chini kabisa, na chakula chote anachopewa anakiweka kwenye tunguu. Ndiye unayemtaka. Achukuliwe akiwa kati ya goti na kiuno cha mtu mzima, unene wa chini ukishinda kiganja kilichokunjwa. Mrefu zaidi ya hapo ni mzito kubeba na hushtuka zaidi akihamishwa, mfupi zaidi hana akiba.

Jaribio la mkono: shika shina lake chini, karibu na ardhi, umsukume taratibu. Wa upanga hatikisiki. Wa majani mapana anacheza kama jino la mtoto wa miaka sita.

Jambo moja la heshima kwa mwenye shamba: usichukue mrithi. Kila mama mwenye mkungu anatakiwa abaki na mtoto mmoja mkubwa atakayeshika nafasi yake. Muulize mwenyewe ni yupi, umuache, uchukue mwingine. Na usimnyang'anye mama mmoja watoto watatu siku moja, hasa akiwa amebeba mkungu. Kila unapochimba unamkata mizizi inayomshikilia, na upepo wa ziwa haungoji.

Vifaa

Jembe, panga lililonolewa, na mtaimbo, ule tunaouita baramini, kama udongo ni wa mawe. Kisu cha kumenyea. Magunia mawili. Na kitu cha kusafishia chuma kati ya mgomba mmoja na mwingine, jambo ambalo wengi huliruka.

Njia rahisi ni moto. Pitisha makali ya panga na ya jembe kwenye mwali hadi yawe ya moto kiasi kwamba huwezi kuyagusa, halafu yaache yapoe. Ukiwa mbali na moto, tumia javeli, dawa ya kung'arishia nguo: kikombe kimoja kwa vikombe vitano vya maji, osha udongo kwanza, kisha loweka makali kwa dakika chache. Javeli juu ya panga lenye matope haifanyi kazi yoyote. Fanya hivyo kabla ya kuanza, kila unapohamia mama mwingine, na unapomaliza, kwa sababu panga hilohilo litarudi kwa mwenyewe.

Kuchimba na kukata

Kama ardhi ni kavu, mwagia maji jana yake jioni. Udongo mkavu huvunja mizizi na kuumiza tunguu.

Ondoa majani makavu na takataka zote kuzunguka mtoto mpaka uone ardhi. Anza kuchimba upande wa nje, ule usiotazamana na mama, shubiri moja na nusu kutoka kwenye shina. Zunguka polepole nusu duara. Usimkaribie kwa haraka, maana tunguu huwa pana kuliko shina na jembe likiingia karibu litalipasua. Ukifika kina cha mkono hadi kiwiko utaanza kuliona, jeupe lenye madoa ya udongo, mizizi minene kama kamba za viatu ikitoka pande zote.

Sasa hamia katikati ya mtoto na mama. Hapo chimba kwa mkono, usitumie jembe. Utagusa kitu kigumu kinachowaunganisha, kifupi na kinene, kama kitovu. Safisha udongo kwa vidole mpaka ukione pande zote mbili. Hapo ndipo panga linapoingia, karibu zaidi na mama kuliko na mtoto, ili kichwa cha mtoto kitoke kizima. Pigo moja la juu kwenda chini, lililonyooka. Ukishindwa kupata nafasi ya kurusha panga, weka makali ya mtaimbo bapa pale kwenye kitovu na ugonge kwa jiwe. Utasikia sauti yake ikibadilika: kwanza inakwama, halafu inakatika kwa mlio laini kama wa kukata kabichi.

Usimvute mtoto kwa shina. Nimeona kijana mwenye nguvu zake akifanya hivyo na kubaki na shina mkononi, kichwa kikiwa bado ardhini. Mwinue kutoka chini, kwa jembe au mtaimbo, mkono mmoja ukishika tunguu.

Kabla hujaondoka, rudisha udongo kwa mama, ushindilie kwa mguu, ufunike kidonda chote. Kidonda kilichoachwa wazi ni mlango wa fukusi na wa kuoza.

Kumenya

Hapa ndipo wapandaji wa mjini wanapochoka na kusema yatosha. Usiseme hivyo. Mtoto uliyemtoa shambani kwa mtu amebeba wageni.

Mgeni mkuu ni fukusi wa migomba, mdudu mweusi, mgumu, mwenye mdomo mrefu, anayetembea usiku. Jike hutaga chini ya shina na kwenye tunguu, kisha funza wake hutoboa njia ndani. Wageni wengine ni minyoo midogo isiyoonekana kwa macho, inayokula mizizi mpaka mgomba unaanguka ukiwa na mkungu.

Kaa chini, tena hukohuko ulikochimba, ili maganda yasije kwako. Kata mizizi yote karibu na tunguu. Usiihurumie, hiyo ya zamani haitafanya kazi tena na mipya itatoka yenyewe. Halafu menya ngozi ya tunguu kama unavyomenya kiazi, nyembamba-nyembamba, mpaka libaki jeupe kote. Ukikuta doa la kahawia, lifuate kwa kisu. Doa likiisha baada ya milimita chache, vizuri. Ukikuta tundu linaloingia ndani, lenye unga-unga mweusi, lifuate pia. Likiendelea kwenda katikati, mtupe mtoto huyo, hata kama umemchimba kwa saa nzima. Mimi huwa napasua aliyetupwa vipande viwili nione njia za funza. Ni somo zuri kuliko maneno yangu.

Kisha kata shina kwa mshazari, shubiri moja hadi moja na nusu juu ya tunguu. Ndiyo, majani yote yanaondoka. Mtoto asiye na mizizi hawezi kunywesha majani. Ukiyaacha yatamkausha.

Mwisho, maji ya moto. Chemsha sufuria kubwa, maji yachemke kweli yakitoa mapovu, utumbukize tunguu lililomenywa, uhesabu hadi 30 kama sekunde, utoe. Joto hilo fupi linaua minyoo na mayai ya fukusi yaliyobaki juujuu bila kuupika moyo wa mgomba. Ukisahau ukaenda kujibu simu, umepika. Na maji haya, narudia, hayatibu mnyauko wa bakteria, hivyo hayakupi ruhusa ya kuchukua mtoto kwenye shamba gonjwa.

Mpande siku hiyohiyo au kesho yake. Akilala, alale kivulini ndani ya nyumba, mbali na migomba mingine, kwa sababu harufu ya tunguu lililokatwa ndiyo inayomwita fukusi usiku.

Shimo kwenye mawe

Mahali penye udongo wa kawaida mambo ni rahisi: shimo la sentimita 60 kila upande na kina kilekile, udongo wa juu kushoto, wa chini kulia. Kati ya mgomba na mgomba mita tatu. Kutoka ukutani mita mbili, maana mkungu utaning'inia upande wowote unaotaka wenyewe.

Mji wetu sasa. Kuna tofauti kati ya lava ya zamani, ambayo imekwisha kuvunjika na kushika udongo kidogo kati ya mawe, na ile ya tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002 iliyopita katikati ya mji hadi ziwani, au ile ya mwezi wa tano 2021 iliyofika Buhene. Juu ya lava changa hakuna udongo. Kuna ganda jeusi, na chini yake changarawe au mwamba. Usipigane na mwamba mzima. Tembea parseleni ukigonga kwa mtaimbo. Panapolia kwa sauti tupu, au penye ufa, ganda ni jembamba na litavunjika.

Vunja shimo pana kuliko lenye kina. Mizizi ya mgomba husambaa zaidi kuliko inavyoshuka, kwa hiyo shimo la mita moja upana na sentimita 40 kwenda chini linafaa kuliko kisima chembamba. Mawe unayoyatoa yapange kuzunguka shimo, duara la urefu wa goti, kama ukuta mdogo. Tandika chini ya shimo magome makavu ya mgomba au magunia yaliyochakaa ya katani, yasaidie kushika maji. Halafu jaza udongo, na hapa mjini mara nyingi ni udongo wa kununua. Kwa kila karai tatu za udongo weka karai moja ya samadi iliyooza, ya mbuzi au ya ng'ombe. Samadi mbichi inaunguza. Konzi mbili za jivu la makala zinafaa, mgomba unapenda sana kile chumvi kilicho kwenye jivu, potasiamu, ila usimwage ndoo nzima.

Mahali pazuri kuliko pote kwenye parsele ni pale maji ya kuogea yanapotokea. Mgomba unakunywa na kunywa. Povu kidogo la sabuni halimdhuru, maji yenye javeli mpeleke kwingine.

Neno kwa wanaokaa Mugunga, Bulengo au upande wa Himbi karibu na ziwa. Mazuku mnaijua. Ile hewa nzito hujikusanya usiku kwenye mabonde na mashimo, na alfajiri isiyo na upepo ndipo inapoua mbuzi na kuku. Kama parsele yako ina bonde lenye sifa hiyo, usipande humo, na usiende kuinama humo na jembe asubuhi mapema.

Kupanda na maji

Mweke mtoto wima katikati, tunguu lote liingie, na udongo upande sentimita tano hadi kumi juu ya pale tunguu linapokutana na shina. Akipandwa juujuu ataanguka, akizikwa sana ataoza. Shindilia kwa mguu pande zote, bila kumkanyaga, mpaka ukimsukuma asitikisike. Mwagia nusu bidoni, yaani lita kumi, taratibu ili udongo ujae mapengo.

Baada ya hapo maji yawe kidogo kuliko unavyofikiri. Wiki mbili za kwanza hana mizizi ya kunywa, na udongo uliolowa muda wote unamwozesha. Kama mvua inanyesha, usimguse. Ikikata siku nne, mpe lita tano hadi kumi, asubuhi au jioni. Maji ya kuchota ziwani na kupandisha mlima si ya kumwaga ovyo.

Tandaza majani makavu au nyasi juu ya shimo lote, unene wa kiganja. Acha wazi duara la shubiri moja kuzunguka shina lenyewe, kwani matandazo yanayogusa shina ni nyumba ya fukusi.

Wiki za kwanza

Siku mbili tatu baada ya kupanda, mtazame pale ulipokata mshazari. Katikati ya zile pete za magome utaona kidole cha rangi ya maziwa kimepanda juu ya mkato. Ni moyo wake unaendelea kukua. Kidole kikipanda, yuko hai. Kikibaki palepale, kikawa cha kahawia na kunuka, bonyeza shina: likiwa laini kama ndizi iliyopondeka, mng'oe mapema, kisha panda mtoto mwingine.

Kati ya wiki ya pili na ya nne jani la kwanza hutoka limejikunja kama sigara. Litafunguka dogo na jembamba, na usihuzunike, ndivyo lilivyo. La tano au la sita ndilo litakalokuonyesha sura ya mama. Ikifika wiki ya nane bila jani, hakuna kitu hapo. Kwa baridi yetu, hesabu mwaka mmoja na miezi mitatu au zaidi mpaka kukata mkungu, na anayekuahidi miezi tisa anaongelea mahali pengine.

Mkungu ukishatoka na kitaga cha mwisho kikaonekana, vunja ule moyo mwekundu kwa kijiti chenye panda, usitumie panga. Ndipo wadudu wanapoingizia mnyauko, na kijiti hakihamishi utomvu kama chuma kinavyofanya.

Naye atakuwa ameanza kuzaa wake. Acha shinani watatu tu: mama mwenye mkungu, mtoto mmoja wa kumrithi, na mjukuu mmoja anayechomoza. Mrithi awe wa upanga, na awe upande wenye nafasi, kwa sababu shina lote litasogea kuelekea kwake. Wengine wakikufaa, wachimbe kwa njia ileile. Wasipokufaa, wakate usawa wa ardhi na uchome moyo wao katikati kwa kijiti kilichochongoka, ukikizungusha mara mbili tatu, la sivyo baada ya wiki watakuwa wamerudi.